Dawa ya Mbavu, Dawa ya Mguu

Tarehe 4 Februari

Shemeji,

Usishtuke kuona mwandiko wangu, hajafa mtu mwingine. Nimeandika kwa sababu simu ndiyo iliyokugombanisha na kaka yako, na tangu siku hiyo siiamini. Tena namba yako ya zamani haipatikani. Anwani nimeitoa nyuma ya kadi uliyotuma baada ya mazishi. Kadi nzuri kweli. Mwenye kadi ndiye hatukumwona.

Haya, nisikilize. Mwaka jana ukielekea kwisha nilitokwa na vipele ubavu wa kushoto, vimejipanga kutoka mgongoni hadi chini ya ziwa. Mwalimu jirani alipoviona tu akasema huo ni mkanda wa jeshi, na zahanati wakasema vilevile. Vipele vikakauka, magamba yakaanguka, nikashukuru. Kumbe nilishukuru mapema. Ngozi imepona na moto umebaki ndani. Upepo wa feni ukinigusa, napiga kelele. Nguo ndiyo usiseme. Mimi fundi cherehani wa miaka yote hii siwezi kuvaa blauzi niliyoishona kwa mkono wangu. Nashinda nimejitanda shuka, ubavu mmoja wazi, mteja akipiga hodi namwambia ngoja kwanza. Nimezoea kuvichoma vitambaa sindano, leo sindano zinanichoma mimi. Cheka, mimi nimeshajicheka.

Parasetamo nimemeza mpaka nimechoka kuhesabu, ni kama kumeza chaki. Nikaenda hospitali kubwa. Daktari mpole akanipa vidonge vidogo vya rangi ya njano, amitriptilini, nimeze kimoja jioni. Nimefika nyumbani nikasoma kikaratasi kilichomo ndani ya boksi. Kinasema ni dawa ya sonona! Shemeji, mimi naumwa ubavu. Kufiwa nimefiwa na kulia nimelia, lakini akili zangu ninazo zote. Au ameniona nimerukwa na akili akaona aibu kuniambia?

Vidonge vipo juu ya kabati, sijavigusa. Katika ukoo huu anayejua dawa ni wewe tu, Bwana Vidonge. Nijibu. Usiponijibu nitajua kwamba ugomvi wenu na mimi nimerithishwa.

Shemeji yako,
Fundi


Tarehe 13 Februari

Kwa shemeji yangu Fundi,

Barua yako nimeipokea kaunta, mbele ya wateja, na nimelazimika kuingia stoo kuisoma. Pole sana kwa maumivu. Pole pia kwa yote ambayo nilipaswa kuja kuyasema kwa mdomo.

Huna wazimu na daktari wako hajakosea. Mkanda wa jeshi huharibu mishipa ya fahamu. Ngozi inapona, lakini mshipa ulioumia unaendelea kupeleka habari za moto wakati moto haupo. Parasetamo haisaidii kwa sababu yenyewe hutuliza jeraha, na wewe jeraha huna tena. Dawa uliyopewa kweli ilitengenezwa kwa ajili ya sonona. Baadaye ikaonekana kwamba ikitolewa kidogo kidogo inaituliza mishipa hiyo. Ni dawa ileile kwa kazi nyingine, kama mkasi wako unaokata kitambaa na pia karatasi.

Sasa naomba unisikilize kama mfamasia. Meza jioni, kwa sababu inaleta usingizi. Usitegemee nafuu wiki hii wala ijayo. Inaweza kuchukua wiki kadhaa, na kiasi kinapandishwa polepole na daktari, si na wewe. Usiache ghafla. Ukiamka, kaa kwanza kitandani kabla ya kusimama. Wala sikuahidi kwamba maumivu yatakwisha yote. Si kila mtu dawa hii inamfaa, na anayefaidika mara nyingi hubaki na kidogo. Lakini kidogo unaweza kuvaa nacho nguo.

Wengi huacha mapema mno. Wanameza siku mbili, wanaona hakuna kitu, wanaitupa. Unajua namfikiria nani.

Shemejio


Tarehe 6 Machi

Bwana Vidonge,

Leo nimevaa blauzi. Nimeivaa tangu asubuhi na sasa ni mchana na bado ninayo mwilini. Ubavu unawaka lakini ni moto wa kuni mbichi, unafuka tu. Daktari amepandisha dawa kidogo, akasema tuone. Mwalimu jirani aliponiona akapiga makofi kana kwamba mimi ni mwanafunzi wake niliyefaulu.

Ila mdomo umenikauka, shemeji. Nikitaka kulowesha uzi nipate kuutunga kwenye sindano, mate sina. Naloweka kwenye kikombe cha maji. Na usingizi! Juzi nimelalia meza ya pasi, bahati pasi ilikuwa baridi. Miguu nayo imeanza kunichoma kwa kukanyaga cherehani kutwa, maana kazi zilizolala wakati naumwa nazimaliza sasa, lakini hiyo ya mguu isikutie wasiwasi, ninayo dawa yake.

Ulimtaja kaka yako bila kumtaja. Ndiyo, alimeza siku mbili akaacha. Alisema kama dawa haiwezi kutembea haraka kuliko yeye, yeye hana haja nayo. Msoma mita alikuwa, shemeji, nyumba kwa nyumba miaka yote, halafu kisukari kinamfanya aamini anakanyaga makaa. Nani angemwambia angoje? Wewe ulimwambia. Unakumbuka alivyokujibu.

Nimekirudisha kiti chake karibu na dirisha, pale penye mita ya umeme. Usiniulize kwa nini.

Fundi


Tarehe 15 Machi

Kwa shemeji yangu,

Nimefurahi mno kuhusu blauzi. Kwa mdomo mkavu, kunywa maji kidogo kidogo, tafuna kitu kisicho na sukari. Kama choo kimekuwa kigumu usione haya kusema, dawa hii huleta hilo pia.

Nakumbuka alivyonijibu. Aliniomba nimtumie tramado, ile dawa kali ya maumivu inayowateka watu, boksi zima, bila cheti cha daktari. Alikuwa ameshaizoea, nilisikia kwenye sauti yake. Nikamwambia sitatuma, na kwamba kwa mguu wake ile dawa ya kwanza ndiyo ya kuanzia, airudie. Akasema, "Mdogo wangu ana duka zima la dawa na mimi nakufa kwa maumivu. Basi usikanyage mlango wangu, hata nikiwa maiti." Nikalitii lile neno. Watu walidhani nina kiburi. Nilikuwa natii.

Mimi najua nilikuwa sahihi. Ningefanya hivyohivyo kwa mteja yeyote. Lakini hakuna siku ninayofungua lile kabati la dawa lenye kufuli bila kuisikia sauti yake.

Niambie kitu kimoja, na usinipambie. Mwishoni, alinitaja?

Na kiti umekirudisha kwa nini?

Shemejio


Tarehe 27 Machi

Shemeji,

Ulisema nisikupambie. Alikutaja kila siku mpaka siku moja akaacha, na baada ya hapo hakukutaja tena. Pole. Umeuliza mwenyewe.

Kuhusu kiti, nitakuambia, na ukicheka nitajua hata huko uliko.

Kaka yako anakuja. Haji gizani kama wa hadithi za watoto. Anakuja alasiri, jua limejaa chumbani, mimi nipo kwenye cherehani, redio ya Mwalimu inasikika ng'ambo ya ukuta. Mara ya kwanza niliona sare tu, ile ya kazini, shati la mifuko miwili niliyoitia viraka mwenyewe. Nikadhani ni shati limetundikwa. Halafu shati likainua mkono likafuta vumbi kwenye kioo cha mita. Nikaona ni yeye. Anaisoma mita, shemeji. Anasogeza uso karibu kabisa kama alivyokuwa akifanya alipokataa kununua miwani. Anasoma, anakaa, ananitazama nikishona. Hasemi neno.

Sikuogopa. Nilitakiwa niogope, nikaona aibu kwa kuwa siogopi. Nilimwambia tu, "Umechelewa." Nikaendelea na pindo la sketi ya watu.

Sasa anakuja karibu kila siku. Najua utasema ni dawa. Mimi si mjinga, nimeona kwamba alianza kuja baada ya mimi kuanza kumeza. Na kwa hiyo nakuambia mapema: kama ni dawa, sitaki kupunguziwa. Ubavu umetulia na mume wangu yupo kwenye kiti chake. Hatukujaaliwa mtoto, wewe unajua, na nyumba hii ilikuwa imenyamaza mpaka nilikuwa nazungumza na pasi. Daktari sijamwambia, na wewe usimwambie. Nimekuambia wewe kwa sababu ni kaka yako.

Fundi


Tarehe 2 Aprili

Kwa shemeji yangu,

Barua hii nimeiandika mara mbili. Ya kwanza ilikuwa fupi, ya kitaalamu, na ilistahili kutumwa.

Ilisema hivi: ni dawa. Kwa mtu wa umri wako, amitriptilini inaweza kuvuruga fahamu, ikamfanya aone vitu na watu. Ni dalili kwamba imezidi mwilini. Nenda kwa daktari, mweleze kila kitu, ataipunguza taratibu na kukupa nyingine. Zipo nyingine. Hutarudi kwenye moto ule.

Hayo yote ni kweli na nayarudia. Nenda.

Lakini nilipomaliza kuiandika nilikaa nayo. Nilifunga duka nikiwa nayo mfukoni. Shemeji, ninajua mita ile. Ninajua alivyosogeza uso. Umeandika kitu ambacho nilikuwa nimekisahau, na sasa nakiona kila nikifumba macho. Mimi ni mtu wa vitabu, siamini wafu wanatembea. Ninaamini molekuli. Na bado mkono wangu unaandika haya.

Kabla hujaenda kwa daktari, akija tena, muulize kama mguu bado unamuuma.

Hilo tu. Halafu uende.

Shemejio


Tarehe 11 Aprili

Shemeji

naandika herufi kubwa kwa kuwa ndogo zinacheza, macho yamekuwa na ukungu. Mistari inapanda mlima uniwie radhi.

Nimemuuliza. Nilingoja akae kwanza nikamuuliza vizuri kwa heshima, nikasema mdogo wako anataka kujua kama mguu bado unakuuma. Amesema hauumi tena. Amesema mwambie mdogo wangu aje. Ndivyo alivyosema, mwambie aje.

Jana alikuja na mwenzake. Simjui, hana uso wa kukumbuka, yeye anasoma mita na yule anaandika. Nikawapikia chai wote wawili, na nilipogeuka walikuwa watatu. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima, Mwalimu alikuwa analalamika dirishani, lakini mita yangu ilikuwa inazunguka, niliiona kwa macho yangu, inazunguka mbio. Nikamwambia kaka yako izime, akanitazama tu.

Nimeshona gauni la mteja nikasahau kukata shingo. Mwanamke wa watu akaingiza kichwa kikakwama ndani, akawa anacheka, halafu akaacha kucheka akaniuliza kama naumwa. Nikasema mimi? Siumwi kitu. Ni kweli ubavu hauumi. Miguu haiumi. Sisikii chochote mahali popote. Moyo tu unakimbia kama umeachwa na basi.

Sijaenda kwa daktari. Nitaenda. Umesema nimuulize halafu niende, nami nimeshauliza. Lakini akija leo asinikute?

Mwambie aje, amesema. Nilishakuandikia hilo?

Fundi


Tarehe 14 Aprili

Kwa Mfamasia, shemeji wa jirani yangu,

Hunijui. Mimi ni mwalimu mstaafu, ukuta wangu na wa Fundi ni mmoja. Nimepiga namba yako niliyoikuta kwenye simu yake, haiiti. Barua yako ilikuwa juu ya cherehani, ndipo nikapata anwani, na hii nampa kondakta wa basi la asubuhi.

Jirani yangu ameanguka. Nilisikia kishindo, kisha nikamsikia anamwomba mtu amwinue, kwa upole, kama mke asiyetaka kumchosha mumewe. Nilipoingia hapakuwa na mtu. Sakafuni vilikuwepo vikombe vya chai, vimejaa, vimepoa. Hakunitambua.

Hospitali wamesema mapigo ya moyo yalikuwa yamevurugika vibaya. Sasa wanamtazama kwa mashine. Mifupa ni mizima, amepasuka tu juu ya jicho. Daktari aliniuliza anatumia dawa gani, nikarudi nyumbani nikakusanya kila kitu. Nilikuta ya kwake, vidonge vya njano. Na nilikuta kopo la marehemu, vidonge vya rangi ya waridi, aliloliacha karibu limejaa, ila sasa limeshuka nusu. Alikuwa anavimeza vyote viwili kila jioni. Alipopata fahamu kidogo aliniambia, akinishangaa mimi, "Hii ni ya mbavu. Ile ni ya mguu." Ndivyo walivyoziita humo ndani, nami nimewasikia miaka mingi: ya kichwa, ya tumbo, ya mguu. Daktari akasoma kopo na boksi, akanionyesha. Jina ni moja. Viwanda tofauti, rangi tofauti, dawa ileile.

Samahani kwa kuisoma barua yako. Nilikuwa natafuta anwani na nikasoma zaidi ya anwani. Sikuhukumu. Lakini mtu wake wa pekee aliyebaki ni wewe, na ungefaa uwe hapa.

Mwalimu, jirani


Tarehe 17 Aprili

Kwa shemeji yangu Fundi,

Mwalimu atakusomea, au utasoma mwenyewe macho yakitulia.

Swali la kwanza la kazi yangu, kabla ya jina, kabla ya umri, ni "Unatumia dawa gani nyingine?" Ninawafundisha wasaidizi wangu hivyo. Wewe uliniandikia kabisa kwamba miguu inakuchoma na dawa yake unayo. Nilisoma mstari huo nikaupita, kwa kuwa mstari uliofuata ulikuwa unamhusu kaka. Na uliponiambia anakuja, nilijua maana yake. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angejua. Badala ya kukukimbiza hospitali nilikutuma kwa marehemu na swali langu. Umelala hapo umepasuka uso kwa ajili ya swali langu.

Sijaomba msamaha kwa mtu kwa muda mrefu na sijui unavyoombwa vizuri. Naomba.

Nimeongea kwa simu na daktari wako. Wataitoa dawa hii mwilini kwa uangalizi, kisha watakuanzishia gabapentini, kidogo sana mwanzoni kwa sababu nayo inalevya na kulegeza miguu. Kuna pia krimu iliyotengenezwa na pilipili, ya kupaka ubavuni. Itawaka siku za mwanzo. Nawa mikono.

Kopo la waridi Mwalimu amelirudisha duka la dawa la hospitali, nimemwomba mimi.

Mwalimu anasema ningefaa kuwa hapo. Tangu barua yake ifike nimepanga mfuko na kuupangua. Uliniandikia kwamba kaka amesema nije. Nimeyabeba maneno hayo hata baada ya kujua yametoka wapi. Mfamasia ndani yangu anasema ni kichwa chako kilichojaa dawa. Mdogo mtu ndani yangu anasema, alinikataza yeye, wa kuniruhusu ni yeye.

Kwa hiyo nakuuliza, ukiwa na akili yako timamu. Ulisikia kweli akisema nije? Hata kama alikuwa ni dawa, ulimsikia? Ukisema ndiyo, nitapanda basi siku hiyohiyo. Ukisema hapana, sijui kama nina miguu ya kufika hapo.

Shemejio


Tarehe 9 Mei

Shemeji,

Nipo nyumbani. Jicho limebaki na alama, Mwalimu anasema inanipendeza, muongo mkubwa. Gabapentini naimeza kama walivyopanga, nayumba kidogo asubuhi lakini nakaa kwanza kitandani kama ulivyonifundisha. Krimu ya pilipili ni adhabu kamili. Mara ya kwanza nilisahau kunawa nikajikuna pua, mtaa mzima ukajua. Ubavu umerudi kuuma, siwezi kukudanganya, hasa mchana, ila si kama mwanzo. Navaa blauzi, nimetoa bitana ya ndani, nimeishona upya kwa kitambaa laini. Lile gauni nalo nimelikata shingo. Mteja kalilipia na kwenda zake, hakutaka kukaa.

Kaka yako haji tena. Wiki ya kwanza hospitali nilimwona mara mbili, amefifia, mara ya mwisho sikuona uso, ni mfuko wa shati tu. Nilipotoka niliwasha redio alasiri nzima ili nisisikie anavyokosekana. Nimelia, shemeji, kuliko nilivyolia siku ya mazishi. Siku ile watu walikuwa wengi na nilikuwa nahesabu sahani. Safari hii nimemzika peke yangu, na vidonge ndivyo vilivyomchukua, na vidonge ndivyo vilivyokuwa vimemleta. Navishukuru na sivisamehe.

Msamaha wako nimeupokea. Lakini usijibebeshe na langu. Kopo lile nililifungua kwa mkono wangu, na sikukuambia hata pale nilipoona wanakuja watatu. Nilijua kuna kitu hakiko sawa. Nilitaka abaki.

Sasa swali lako. Mwalimu kanishauri nikujibu ndiyo, yaishe, uje. Nimekaa na karatasi hii tangu jana kwa sababu ndiyo ni neno fupi na basi lipo kila asubuhi.

Hapana. Hakusema. Hajawahi kusema neno moja, si kwangu si kwako, tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Nilipomuuliza habari ya mguu alinitazama kama mtu anayesubiri mtafsiri. Kama unamuuma mimi sijui. Wafu hawajibu, hata wakiletwa na dawa. Niliisoma barua yako nikaona mtu mzima na duka lake anaomba kama mtoto, na macho yangu yalikuwa na ukungu na moyo unakimbia, na nilikuwa peke yangu na wanaume watatu wasiosema. Niliogopa, shemeji. Niliandika siogopi lakini siku ile niliogopa. Aliyesema uje ni mimi. Nililitia neno langu kinywani mwake kwa kuwa nilijua langu hulisikii.

Amri yake ya mlango ilikuwa ya mlango wake. Yeye ametoka na mimi ndiye niliyemo. Lakini sitakulazimisha, na sitamtumia yeye tena kukuita. Nikikudanganya uje, utakuwa umekuja kwake, si kwangu.

Basi nimebaki na maumivu na wewe. Maumivu nimeshaambiwa hayatakwisha yote. Wewe sijaambiwa kitu.

Shemeji yako,
Fundi